Eda ya Mwantumu

Wageni walikisifu sana kijiji cha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo: nyumba za matofali, bomba kila ua, maua mbele ya kila kibaraza. Hawakuuliza maana ya namba za milangoni. Zilikuwa namba za mashine za kufumia. Anayesimama kwenye mashine ndiye anayelala ndani ya nyumba.

Shabani alivutwa na mkanda wa mashine yake akafa. Siku matanga yake yalipoanuliwa, mnyapara Kihiyo alivua kofia mlangoni pa mjane.

"Shemeji, poleni sana. Mashine ya marehemu haiwezi kukaa bure. Kesho anahamia mtu mwingine."

"Nimo edani, bwana," alisema Mwantumu kutoka mkekani. "Mjane hatoki nyumbani mpaka eda iishe."

"Basi ishike mashine wewe, nyumba ibaki yako."

"Nikakalie eda kiwandani?"

"Hayo ya dini yenu. Mimi nazungumzia nyumba."

Asubuhi Mwantumu alitoka na nguo zake za eda. Majirani waliokula pilau ya matanga ya mumewe walifunga madirisha.

Kiwandani, kitambaa kilikuwa kwenye mashine palepale mumewe alipokiachia, na damu imekaukia juu yake. Akaomba mkasi akiondoe kile kipande.

"Usikate," alisema Kihiyo. "Kitatiwa rangi nyeusi."

Mwantumu akaufunga uzi wake kwenye uzi wa Shabani. Mkanda ukaanza kuzunguka, na upindo wa shuka lake la eda ukawa unapepea kando ya mkanda huo.