Kimbunga Kisicho na Jicho

Kimbunga kilikuwa kimetimiza miezi minane na bado hakikuwa na jicho.

Kilizunguka ndani ya kompyuta ya Mueni, katika chumba alichopanga mjini Machakos, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka baharini. Mueni alifundisha fizikia, na mwaka huo wa 2003 shahada yake ya pili ilitegemea kimbunga hicho. Joto la bahari lilipaswa liingilie chini, lipande, litokee juu, na katikati pabaki pametulia. Badala yake wingu lilivimba tu kama unga uliozidi hamira, mpaka kompyuta ikakwama.

Na leo ndiyo siku ambayo mtahini wa chuo kikuu alisema angefika.

Saa nne hodi ikapigwa. Mwanamume wa makamo, miwani, mkoba, faili kwapani.

"Karibu, karibu! Nimekungoja tangu asubuhi."

"Umeningoja?" Mgeni alishangaa. "Wengi hunikimbia."

Mueni akacheka kwa woga, akamwelekeza kwenye kompyuta. Mgeni aliitazama kidogo, kisha akatazama kuta.

"Hii kitu inakula nguvu mingi, madam."

"Sana! Bila hiyo inakufa."

"Na inaingilia wapi?"

"Chini, halafu inapanda."

Mgeni akainama kuchungulia chini ya meza. Alipoinuka, akagonga faili lake.

"Hesabu haikubali. Yenye inaingia ni kidogo, yenye inatumika ni mingi. Kuna njia ya pili. Afadhali uitoe mwenyewe."

Mueni aliganda. Njia ya pili! Akarukia kompyuta, akapekua mistari ya programu, na kweli: joto la bahari alikuwa amelihesabu mara mbili. Akafuta mstari mmoja, akaanzisha upya.

Wingu likazunguka, likakaza, kisha likafunguka katikati. Jicho! Duara jeusi, tulivu, zuri ajabu.

"Nimeitoa!" Mueni alipiga kelele, machozi yakimlengalenga. "Miezi minane sikuiona, na wewe umeiona mara moja!"

"Ni kazi," mgeni alisema, akionekana kuguswa. "Watu huwa wanakataa kabisa."

"Kwa hivyo nimepita?"

Mgeni alifungua mkoba, akatoa koleo, akaushika waya wa umeme uliotoka kanisa la jirani, bila kupita kwenye mita, ukapenya dirishani kwa Mueni.

"Hayo utaongea na ofisi ya stima, madam. Mimi nakata tu."