Redio Ilipozimwa

Sijaona aliingia kituo cha redio akihema, miguu imejaa tope la mtoni.

"Kaka Chiduo, maji yamebeba nguzo ya daraja! Ukilitazama kwa juu utadhani ni zima. Na malori ya mnadani ndiyo hayo yanapakia, yavuke hapo hapo. Tangaza!"

Chiduo alikuna kichwa. Tangu kampuni kubwa inunue kituo hiki na vingine vyote vya bondeni, watangazaji walifukuzwa na maikrofoni zikachukuliwa. Yeye alibakizwa kulinda mtambo tu. Vipindi vilitoka makao makuu, na saa hiyo mtangazaji wa huko alikuwa akiwapa watu pole kwa foleni za magari katika jiji wasilolijua.

"Nitangaze kwa mdomo gani, dada?"

"Haya, wewe kula mshahara, wenzako wanywe maji ya mto!"

Chiduo alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mara akageuka, akashika waya mnene nyuma ya mtambo na kuung'oa. Sokoni na kwa vinyozi redio zote zikanyamaza.

"Sasa ndiyo umefanya nini?"

"Subiri. Watakuja wenyewe kunitukana, ndipo tuwaambie."

Kweli wakaja. Kinyozi alitangulia na kitana mkononi, mteja wake nyuma kanyolewa upande mmoja, kisha kundi zima linafoka. Mezani simu ya makao makuu ikaanza kulia. Chiduo hakuigusa. Alipanda juu ya kiti, akawa anaangaza juu ya vichwa vyao, akiwatafuta madereva.