Leso ya Mgombea

Wagombea watatu walikaa mbele ya zahanati, kila mmoja akieleza kaunti ianze na nini. Wa kwanza alitaka soko, wa pili uwanja wa mpira. Ngumbao, wa tatu, akasema, "Mimi nitaanza na taa za barabarani!" Makofi yakapigwa.

Umazi akasimama. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane, na gari la wagonjwa halikuwa na magurudumu tangu masika. Akakunjua moja ya leso ambazo Ngumbao aliwagawia akina mama wiki ile, akaitandaza mchangani.

"Mheshimiwa, lala hapa."

"Mama, unanitania?"

"Sikutanii, mwanangu. Jirani yangu tulimbeba kwa leso, akajifungulia njiani, mtoto tukamzika. Binti yangu simbebi hivyo. Tukubebe wewe hadi hospitali kuu, na tukifika utuambie kaunti ianze na nini."

"Lala, baba, hatung'ati!" wanawake wakamcheka.

Wanne wakashika pembe za leso. Ngumbao akaitazama ile barabara ya mawe, kisha akaketi juu ya leso, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.