Pengo la Mlangoni

"Sasa hili jani jekundu kwenye kigae changu la nini? Sakafu yangu yote ina majani meusi!"

"Rangi imepotea njia, Mama Nyamburi."

"Rangi ina miguu? Sema macho yameisha, Mzee Hamduni."

Hamduni akacheka peke yake. Mama Nyamburi akakaa kwenye kigoda, akafungua pindo la khanga, akatoa sukari aliyoipigania kwenye foleni, akaimimina kwenye birika la kahawa. Kugomba kunakaushaga koo.

Karakana ilikuwa kimya. Vijana wa kukandamiza vigae walishakimbilia kuvua sangara ziwani. Maduka ya mtaa wa Mukendo, yaliyokuwaga matupu, sasa yamejaa marumaru za kiwandani, zinang'aa kama sahani. Nani tena anataka sementi ya mkono? Mteja kabaki huyu mmoja, na kwenye sakafu ya nyumba yake Kamunyonge limebaki pengo la kigae kimoja, mlangoni. Kila Jumamosi anakuja, anakuta kosa, wanagombana mpaka birika linakauka.

"Wageni wangu watajikwaa," akasema.

"Wageni gani?"

Mama Nyamburi alipuliza kahawa. "Jumamosi ijayo ndiyo mwisho. Ukikosea, navunja sakafu yote, naweka za dukani."

Alipoondoka, Hamduni aliingia stoo, akafunua gunia. Kigae kimoja. Majani yote meusi, kingo zimenyooka. Alikitengeneza siku ileile ya kwanza kilipoagizwa. Macho yake hayakuwa na shida. Kila wiki alikuwa anamwaga rangi nyekundu kwenye kitundu cha nyeusi cha kalibu, makusudi.

Akikitoa, hana tena wa kugombana naye. Asipokitoa, sakafu nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza inapigwa nyundo.

Jumamosi akakifuta vumbi, akampa.

Mama Nyamburi alikipeleka juani. Akakigeuza nyuma. Akapitisha kidole kwenye kila jani, akarudia tena. Pindo la khanga lilikuwa limefungwa fundo, limejaa.

"Kosa liko wapi?" Hamduni aliuliza.

"Halipo." Sauti ilikuwa ndogo. "Kiko sawa."

"Basi. Tumemalizana."

Mama Nyamburi alikiangalia kidogo tena. Halafu akakinyanyua kwa mikono miwili, akakibamiza kwenye jiwe.

"Kimepasuka," alisema. "Nitakuja Jumamosi."

Akafungua fundo, akaiacha sukari kwenye kigoda, akageuka, akaenda zake.