Oda Yako Imefikishwa

"Haijafika!" fundi bomba alisema kwa mara ya nne. "Dada, mnasema imefikishwa, na mimi nimesimama hapa mlangoni kwangu sioni kitu."

Hakuwa mlangoni kwake. Alikuwa amepiga magoti chini ya sinki la mteja, simu ameibana kwa bega, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Ujumbe ulikuwa umeingia saa tatu asubuhi kutoka duka la mtandaoni. Oda yako imefikishwa: viatu vya shule vya kike, namba 31. Tafadhali tathmini huduma yetu. Tangu hapo hakuweza kukaza hata nati moja. Tathmini aliwapa palepale, nyota moja, na maneno ya hasira: "Kifurushi cha mwanangu mmepeleka wapi?"

"Pole sana, kaka," alijibu dada wa huduma kwa wateja, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kutokasirika. "Tunaweza kukutumia jozi nyingine leo hii. Nithibitishie tu anwani."

"Sitaki jozi nyingine. Nataka kujua hiyo mmeipeleka wapi."

"Hilo siruhusiwi kusema."

Bibi mwenye nyumba alichungulia jikoni. "Fundi, maji yanafika sebuleni."

Fundi alifunga koki kuu, akakusanya spana zake, akaomba radhi na kuondoka. Sinki aliliacha limefunguliwa vilevile.

Nyumbani aliketi ukingoni mwa kitanda cha watoto. Shuka ilikuwa bado ile waliyoilalia. Asubuhi hakula, na sasa mchana ulimpita bila kuuona. Alipiga tena. Akaambiwa asubiri, akasikilizishwa muziki, simu ikakatika. Akapiga tena. Mara ya saba akampata dada yuleyule, na safari hii hakufoka.

"Ngoja nikwambie ukweli," alisema. "Mimi sikuagiza kitu. Aliyeagiza ni mke wangu. Akaunti aliifungua zamani kwa namba yangu, kwa sababu nyumba nzima simu ilikuwa moja, hii yangu. Nadhani alisahau kuibadilisha. Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke na wanangu wawili. Sijui wanaishi wapi. Sijui kama wanakula. Dada, leo ndiyo mara ya kwanza najua kwamba wako hai, na nimejulishwa na duka la viatu."

Upande wa pili zilisikika sauti za wahudumu wengine wakiwapa pole wateja wengine.

"Hukuwauliza ndugu?"

"Mama mkwe anakata simu akisikia sauti yangu. Dada yangu wa tumbo moja ananiambia niwaache wapumue. Wapumue! Mtoto anapumua vipi mbali na baba yake?"

"Binti ana miaka mingapi?"

"Minane. Alipoondoka alikuwa anavaa namba thelathini. Amekua, dada. Amekua na mimi sijaona."

Alijaribu kuendelea, akashindwa, akalia kwa kwikwi huku ameushikilia mto mdogo wa mtoto. Hakuwa anaigiza. Tangu waondoke alikuwa hajalia mbele ya mtu, na sasa alimlilia mtu asiyemjua hata kwa sura.

Dada wa huduma alishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono.

"Na mimi nililelewa bila baba," alisema. "Nilikuwa namngoja kila jioni. Chukua kalamu. Na tafadhali, usinitaje kwa mtu."

Akamsomea anwani: mji wa jirani, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, mlango wa tatu, rangi ya kijani. Fundi aliandika kwenye kiganja, maana karatasi ilikuwa mbali na aliogopa dada asije akabadili mawazo.

Kesho yake alinyoa ndevu, akapiga pasi shati la bluu, akapanda basi la kwanza. Njia nzima alijisemea moyoni maneno atakayowaambia, akiyapanga na kuyapangua. Hakutaka kuharibu mambo safari hii.

Saa sita mchana alikuwa nyuma ya mashine. Mlango wa kijani aliuona kabla hajauhesabu. Kwenye kamba palikuwa pameanikwa sketi ya shule na kaptula ndogo. Aliketi kwenye ngazi za nyumba iliyotazamana nao.

Simu ikatikisika mfukoni. Je, tatizo lako limetatuliwa? Tafadhali tathmini huduma yetu.

Alifuta macho kwa mkono wa shati. Akawapa nyota tano zote. Chini yake akaandika polepole, herufi moja moja: "Nilidhani hamjali watu. Nisameheni. Mmenirudishia familia yangu, Mungu awabariki."

Akatuma. Akavuka njia, akanyoosha ukosi wa shati, akabisha hodi.

"Fungua, mama watoto," alisema kwa upole. "Ni mimi. Nimewapata."

Ndani, vijiko vilinyamaza. Mwanamke akaanza kusukuma kabati kuelekea mlangoni. Watoto hakuna aliyewaambia kitu. Walikuwa wameshaingia chini ya kitanda, mkubwa amemziba mdogo mdomo kwa kiganja.