Sahani ya Widad

Sahani ya Widad ilikuwa imekaa kwa Hadiya tangu matanga. Ililetwa siku ile imejaa mahamri, na kwa desturi ya mtaa wao sahani ya jirani hairudishwi hivi hivi. Hutiwa kitu, japo ndimu mbili. Asubuhi hii Hadiya aliifunika kawa, akavuka uchochoro, akapiga hodi.

"Shikamoo, dada Hadiya."

"Marahaba. Nimekuletea amana yako."

Widad aliipokea, akaiangalia, akamwangalia na mwenye kuileta. "Ahsante, dada," akasema kwa sauti ya mtu anayeona haya kuuliza.

Salman, mume wa Widad, alikuwa ametangulia mto Sabaki. Yeye na Hadiya waliongoza wageni wa kutazama ndege pale mto unapoingia baharini, na Aprili ndio mwezi wenyewe: vitwitwi waliokaa kaskazi nzima kwenye tope huota manyoya mekundu kifuani, tayari kurudi kwao Ulaya. Leo walikuja wageni wachache kutoka Kilifi, na Phineas, naibu wa chifu, aliyewasindikiza.

"Mtazameni bwana harusi yule," Salman aliwaambia, akiielekeza darubini kwa kitwitwi mmoja. "Kavaa, kajitia manukato, anangoja usafiri tu!"

Wageni walicheka. Simu yake ikalia. Ilikuwa imekufa upande wa sikio, kwa hiyo aliitumia kwa spika tu, na kila aliyempigia alisikika kwa wote. Widad alitaka kujua ufunguo wa stoo uko wapi.

"Kwako hakuna siri, Salman," Phineas akamtania.

"Mimi na siri wapi na wapi, bwana?"

Hadiya hakucheka. Alikuwa anautazama mdomo ule. Ni huo uliosema, mwaka jana msimu kama huu, kwamba Ishaq alikufa kwa moyo. Ishaq, mume wa Hadiya, alinunua ndege kwa Salman siku Hadiya alipokuwa kwa mamake Magarini. Aliwapika mwenyewe, akala na firigisi, ambazo alizipenda kuliko nyama. Hakuiona alfajiri. Paka aliyeguguna mifupa alikutwa amekauka chini ya meza.

"Mimi nanasa kwa nyavu, sitii sumu," Salman aliapa mbele ya watu. "Na tangu lini ugonjwa wa moyo ukaletwa na jirani?"

Hadiya alimwendea Phineas. Phineas alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kidevu. "Bi Hadiya, mwili umezikwa, mifupa ya wale ndege haipo. Nipatie japo mtu mmoja aliyemsikia Salman akikiri kwa mdomo wake."

Basi Hadiya akangoja. Alimsalimia Salman kila siku. Alitembea naye kwenye tope lile lile, akamsikia akiwaambia wageni kwamba ndege hawa ni amana ya Mungu.

Adhuhuri ilipokaribia, Hadiya aliwachagulia wageni pa kupumzika: chini ya tuta la mchanga, ambalo juu yake simu hushika vizuri kuliko pengine pote huko mdomoni mwa mto. Akawagawia chapati na maharagwe. Phineas alikaa kando yao, miguu ameitia majini. Hadiya akaenda kuchutama karibu na Salman.

"Sahani ya Widad nimempelekea leo," akasema polepole.

"Ah, dada! Ulikuwa na haraka gani?"

"Imekaa mno. Nami naona haya. Sahani ya mwenzio utairudishaje tupu?" Akamega chapati. "Halafu, unajua, mapema nilipita vile vidimbwi vya nyuma ya mikoko. Nikaokota ndege. Wanono, wamelala majini, hawana hata jeraha."

Salman aliacha kutafuna.

"Vidimbwi vipi?"

"Vile unavyovipenda wewe."

"Uliwatoa matumbo?"

"Sikuwatoa kitu. Hata firigisi zimo." Hadiya alimtazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Watoto wako si wamefunga shule? Wako nyumbani wote?"

Chapati ilimwanguka Salman. Aliinuka, akajikwaa kwenye miguu ya darubini, akaiangusha, akalipanda tuta kwa mikono na magoti. Wageni waliacha kula. Mmoja alidhani Salman ameona nyoka. Phineas alisimama, suruali imekunjwa magotini, akamfuata kumsaidia.

Salman akapiga nyumbani. Simu ililia, ikalia, ikapokewa.

"Widad! Wale ndege usiwaguse!"

"Nini? Upepo, sikusikii."

"Ndege! Watoto wasile! Wana sumu!"

"Wana nini?"

"Sumu!" Sauti ilimpasuka. Vitwitwi waliruka kutoka kwenye tope, kundi zima. "Sumu, nimeitia mimi mwenyewe kule vidimbwini, Widad! Ni ile ile ya Ishaq! Wamwage! Wataniulia wanangu kama nilivyomuua Ishaq!"

Phineas alikuwa nyuma yake, hatua moja. Hadiya aliinamisha uso, akaanza kuokota sahani za wageni, moja moja, akizipangusa mchanga.

Simu ilikwaruza kidogo, kisha sauti ya Widad ikaja safi, ikasikika mpaka majini.

"Ndege gani, Baba Zuleikha? Hadiya kanirudishia sahani tupu."