Penseli ya Loveth

"Ing'ate vizuri, babu, halafu usome tena," alisema Loveth, nami nikaibana ile penseli kwa meno sita niliyobaki nayo.

Ilikuwa siku ya tatu ya kunyoosha ulimi kwa zoezi hilo la kusoma Kiingereza. Wageni wa mbugani hupita hapa kituoni kwetu, Mikumi, kusikia habari za mashamba ya mkonge. Loveth, msimamizi wetu, alikuwa ameshanionya: lafudhi yangu ya Kiingereza isipobadilika, atasimulia yeye, mimi nikae pembeni nisokote kamba.

Mkonge nimeukata mimi, kule Kilosa, miaka kumi na tisa. Kiingereza nilikifuata mwenyewe kwenye darasa la jioni, mikono ikiwa bado inaniwasha kwa utomvu.

Gari la wageni likaingia. Binti mmoja wa Kizungu akashuka, akaja moja kwa moja kwangu, akainamisha kichwa.

"Shii-ka-muu," akasema.

Loveth akapiga makofi. "Hongera, dada. Kiswahili unakiweza kabisa."

Nikaitoa penseli mdomoni ili niitikie. Ilikuwa imelowa mate, rangi yake ya njano imebanduka pale nilipoing'ata.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu binti.

Kisha nikaifuta penseli kwenye shati langu, nikamkabidhi Loveth.

"Na huyu tumpe aing'ate?"

Loveth akaipokea, akaitia mfukoni. Nikawageukia wageni, nikakohoa kidogo, nikaanza kusimulia kwa Kiingereza changu cha Kilosa.